Maswali yenu: leza, risasi baridi na mazoezi ya askari wa akiba

Barua za mwezi huu zinahusu MILES, mfumo wa leza ambao jeshi la Marekani limeutumia kwa mapigano ya mazoezi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kila bunduki hufungwa leza karibu na mdomo wa mtutu, na kila askari huvaa vihisi kifuani, mgongoni na kwenye kofia. Ukifyatua risasi baridi, yaani yenye baruti lakini isiyo na kichwa, leza huhisi mlipuko na kutuma mwali. Mwali ukimpata mtu, kifaa chake hulia mfululizo. Ukimkosa kidogo, hulia mara moja moja.

Wahariri, mimi ni sajenti katika Walinzi wa Taifa (askari wa akiba wa jimbo), Minnesota, Marekani. Kila tukitoka na MILES, asubuhi nzima inaishia kwenye kufunga vifaa, na mchana bado wako wanaopigwa wasife na wengine wanaopiga wasiue. Ni ubovu wa vifaa au ni sisi?

Afande, mara nyingi vifaa ni vizima. Kasoro iko kwenye maandalizi. Nyinyi mna vipindi 48 vya mazoezi kwa mwaka, vinne katika wikiendi moja ya kila mwezi, kila kimoja kisichopungua saa 4, pamoja na siku kama 15 za mazoezi ya mwaka. Ukipoteza saa 4 kwenye mikanda na betri, robo ya wikiendi imekwenda.

Kazi ianze Ijumaa jioni. Kila askari awe na mfuko wake wenye jina: mkanda wa mwilini, mkanda wa kofia, leza na betri mpya, namba za vifaa zikiwa zimeandikwa kwenye orodha. Weka seti moja ya ziada kwa kila watu 10. Betri zilizobaki mwezi uliopita zisirudi porini: ndani ya jengo zitawasha taa vizuri, halafu baridi ya Minnesota itazimaliza kabla ya saa sita.

Wasioua, tazama leza zao. Mpangilio ni huu: bunduki iwe imeshasawazishwa shabaha, kizibo cha mtutu (kile cha kufyatulia risasi baridi) kikazwe, leza ifungwe, ndipo uilinganishe na macho ya kulengea. Baada ya hapo isiguswe. Anayeifungua ili asafishe mtutu kisha akairudisha kwa kukadiria, mwali wake hauendi tena anakolenga. Kwa leza za zamani askari hulazimika kuzungusha macho ya bunduki yenyewe yaufuate mwali. Kama mnazo hizo, andikeni idadi ya mibofyo na upande wake, la sivyo siku ya risasi za moto mtashangaa matundu yako wapi. Mifumo ya baadaye huusogeza mwali, macho ya bunduki yakabaki yalivyo. Sababu nyingine ni nyasi. Askari amelala chini, jicho lake linaona juu ya majani, leza iko chini ya jicho, na jani moja mbele yake linatosha kuuzuia mwali.

Wasiokufa huwa wamefunikwa vihisi na kamba za begi, koti la mvua au matope. Kabla ya kuondoka, wapange mstari, na mwamuzi ampige kila mmoja kwa bunduki yake ya uamuzi: mbele, mgongoni, kichwani. Asiyelia habanduki. Hiyo itawachukua dakika 15 kwa platuni. Wapo pia wanaoziba vihisi kwa kiganja au kuchomoa betri. Hao dawa yao ni mwamuzi anayetembea nao, si fundi.

Bunduki yangu M4 inafyatua risasi baridi moja, kisha lazima niikoki kwa mkono. Nimeisafisha, haisaidii.

Tazama kizibo. Bunduki hii hujipakia kwa gesi ya baruti, na shinikizo la gesi hiyo hushikiliwa na risasi inapopita kwenye mtutu. Risasi baridi haina kichwa, hivyo gesi hutoroka mbele bila kazi. Kizibo huibana ipate nguvu ya kurudisha bolti nyuma. Kikilegea nusu mzunguko tu, bunduki inakuwa ya mkupuo mmoja. Kikaze kwa mkono, na kila ukibadilisha magazini kiguse tena, maana mtikisiko hukifungua. Hakikisha pia ni chake: M4 hutumia M23 ya njano, M16A2 hutumia M15A2 nyekundu, na haviazimani. Kama kimekaza na bado inakwama, ndipo umlaumu masizi. Risasi baridi huchafua kupita za moto, kwa hiyo tia mafuta ya kutosha kwenye bolti.

Risasi ya moto ikiingia kwenye bunduki yenye kizibo inaweza kuipasua na kumjeruhi anayeishika. Kwa hiyo kabla ya zoezi mifuko yote igeuzwe, na kila magazini ikaguliwe na watu wawili, mmoja akiwa wa kombania nyingine. Risasi baridi ya M200 inatambulika hata gizani: ncha yake imekunjwa, haina kichwa. Na msimfyatulie mtu aliye chini ya mita 6. Gesi na chembe za baruti huumiza.

Mwanangu amejiunga na Jeshi la Akiba huko Texas. Leza hizo hazimharibu macho?

Mama, usihofu. Leza za bunduki za mfumo huu zimetengenezwa kwa nguvu ndogo ili watu walengane wao kwa wao. Kinachokatazwa ni kuitazama kwa karibu kupitia darubini. Mwambie azingatie zaidi vizibo vya masikio.

Hivi leza haziwafundishi vijana uongo? Nimeona picha zao wamejificha nyuma ya kichaka kama nyuma ya ukuta.

Zinafundisha, tena uongo mbaya. Mwali husimama kwenye majani. Risasi ya milimita 5.56 hupita kichakani na kumkuta mtu. Leza pia haishuki njiani wala haihitaji kulenga mbele ya anayekimbia, kwa hiyo shabaha haifundishwi kwa MILES. Inachofundisha vizuri ni kusogea huku mwenzako akikufunika kwa moto, na bei ya kusimama mahali peupe. Mwamuzi awe na ruhusa ya kumuua aliyejificha kichakani huku akipigwa, na amwambie sababu palepale.

Niko Morogoro. Bila leza, je, mtu anaweza kuendesha zoezi la namna hii?

Anaweza. Kabla ya MILES, Wamarekani wenyewe miaka ya 1970 walikuwa na mbinu iliyoitwa SCOPES. Kila askari alibandikwa namba ya tarakimu mbili kwenye kofia, na bunduki ikawekwa darubini ya kukuza mara 6. Ukimwona adui na kuisoma namba yake, unafyatua risasi baridi na kuitaja. Mwamuzi wako anaituma kwa redio, na mwamuzi wa upande wa pili anamwambia mwenye namba kwamba amekufa.

Unahitaji mwamuzi mmoja kwa kila seksheni, pande zote mbili, wenye masafa yao peke yao. Epuka namba zinazochanganyana kwa mbali, kama 38 na 83, au 66 na 99 kofia ikipinduka. Badilisha namba kila raundi, kwani watu huzikariri na kuanza kuua kwa kubahatisha. Penye matatizo ni redio: wanne wakitaja namba kwa pamoja, aliyekufa huendelea kupiga kwa nusu dakika. Mwamuzi aandike saa ya kila namba ili ugomvi umalizwe kwenye tathmini. Rashasha nayo haisomi namba. Moto wake uamuliwe na mwamuzi kwa kuangalia nani yuko wazi. Kama darubini hazipo, ongeza ukubwa wa namba na ufupishe umbali wa uwanja.