Watoto wa Maorki Pangoni

Siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa mwongozaji wa mchezo wa kuigiza wahusika mezani: mimi nasimulia hadithi, wachezaji wanaamua wahusika wao wafanye nini. Wachezaji wanne, dadu mezani, pango limejaa maorki, majitu makali ya hadithi za kubuni. Walipigana vizuri, wakawaangusha wapiganaji wote, kisha wakavunja mlango wa mwisho. Nyuma yake kulikuwa na watoto. Niliwaweka kwa kuwa pango linalokaliwa haliwezi kukosa watoto. Sikufikiri zaidi ya hapo. Mchezaji mmoja akasema, “Kitabu cha mchezo kinasema ni waovu. Tuwamalize.” Mwingine akasukuma dadu zake kando, akakataa kuendelea. Wote wakanigeukia, nami sikuwa na jibu.

Kwa hiyo, kama unaongoza mchezo, tafuta jibu lako kabla hamjakaa.

Jambo lenyewe ni la zamani. Dungeons & Dragons, mchezo maarufu wa aina hii, ilipotoka mwaka 1974 kila kiumbe kiliwekwa katika moja ya pande tatu za kimaadili: Sheria, Vurugu, na walio katikati. Kufikia 1978 pande zilikuwa tisa, na uovu wa kiumbe ukaandikwa pamoja na silaha na nguvu zake, kana kwamba mtu huzaliwa nao kama macho. Mwaka 2020 wachapishaji walitangaza kwamba maorki wataonyeshwa wakiwa na utu na utamaduni kamili kama jamii nyingine. Nilifurahi, lakini tangazo halikusaidii pale mezani.

Aliyekataa kuendelea alinieleza baadaye kilichomuumiza. Maneno niliyotumia kuwaelezea maorki, kwamba ni wajinga, wakali, wanazaana ovyo, alikwisha kuyasikia yakisemwa juu ya watu wa kwao. Nilinyamaza. Sikuwa nimeyatunga mimi. Niliyaokota tu katika michezo niliyoicheza, nikayapitisha bila kuyapima.

Siku hizi adui wangu hutambulika kwa anachofanya. Orki anayewindwa ni yule aliyechoma kijiji, na kikosini mwake wamo binadamu na mbilikimo wa hadithini pia. Nampa jina, bwana anayemtumikia, na kitu anachoogopa kukipoteza. Utashangaa jinsi wachezaji wanavyoanza kuzungumza naye badala ya kuchomoa upanga. Nikitaka uovu mtupu, usio na majadiliano, natumia mashetani, ambao hawakuwahi kulelewa na mtu, au maiti zinazotembea.

Wapo wanaotaka mapigano tu, wapumzishe akili. Hawana kosa. Waulize mapema, na wakisema hivyo, usiwawekee watoto pangoni. Kuwatega kwa swali zito wasilolitaka, halafu kuwahukumu kwa jibu lao, ni kuwaonea.

Tulipokutana tena niliwaomba radhi, tukaanzia mlangoni pale pale. Safari hii msichana mmoja wa kiorki alisimama mbele ya wadogo zake, ameshika kisu cha jikoni, akawauliza wageni wametumwa na nani. Tulizungumza naye saa mbili nzima, na dadu hazikuguswa.