Mtoto Anapobaki kwa Jamaa: Imani Yake Hupungua na Hurudi

Dada yangu alipokwenda Unguja kusoma, mwanawe wa miaka miwili alibaki nami Wete, Pemba. Alikuwa mtoto wa kucheza uani muda mrefu bila ya kumtafuta mtu, lakini mara akaanza kunifuata hadi mlango wa choo, ameshika pindo la kanga yangu, na usiku akaamka kunipapasa kama nipo. Majirani walisema anadeka. Sikuafiki, kwani aliyeondokewa na mtu wake wa kwanza lazima amchunge wa pili.

Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyewachunguza akina mama na watoto wachanga karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, aliona kuwa mtoto mwenye imani na mamaye huthubutu kwenda mbali naye kucheza, maana anajua pa kurejea. Imani hiyo hubadilika. Watafiti wa Marekani waliochapisha matokeo yao mwaka 2000 waliwapima watu 50 wakiwa na umri wa mwaka mmoja, na tena baada ya miaka 20: asilimia 72 walibaki katika kundi lile lile la wenye imani au wasio nayo, na mabadiliko yalionekana zaidi kwa waliopitia misukosuko kama kufiwa na mzazi, wazazi kuachana au maradhi mazito.

Kwa hiyo, tuache desturi ya kumtoroka mtoto akiwa amelala, ambayo wazee wetu huiita huruma. Aagwe, na akilia abembelezwe. Kisha kumwogesha na kumlaza kuwe kwa mtu mmoja, hata nyumba ikijaa mashangazi.

Mtihani hasa huja mama anaporudi. Dada aliposhuka kwenye boti, mwanawe alijificha nyuma yangu na kukataa hata tende, naye dada akalia akidhani amesahauliwa. Hatukumlazimisha kumpa mkono. Dada alikaa jamvini akimenya chungwa, nami nikiwa karibu. Siku zilizofuata akamlisha, kisha akamwogesha, na mimi nikawa nasogea kando kidogo kidogo. Mtoto alipoanza kumlilia mamaye anapokwenda dukani tu, jamaa waliona ameharibika zaidi, ilhali mimi nilifurahi, kwani ilikuwa dalili kuwa imani yake kwa mamaye inarudi. Wakati huo mama asipange safari nyingine, wala aliyemlea asiondoke ghafla.

Mtoto asiyemlilia yeyote, asiyecheza wala kula, ndiye wa kupelekwa kituo cha afya, hata kama wageni wanamsifu kwa upole wake.