Kabla Hujasema ni ya Mjerumani, Geuza Mtutu

Hapa Tabora kila shotgun ya kizamani ni ya Mjerumani. Uliza tu: babu aliipata 1916, Wabelgiji walipoutwaa mji kutoka kwa Wajerumani. Nimekagua shotgun za mtutu mmoja za wazee wetu, na mara nyingi hadithi na chuma haviafikiani.

Karatasi kwanza. Kama mwenye leseni ameshafariki, bunduki haikai uvunguni kusubiri fundi, anzia polisi. Halafu ifungue, uone kwa macho yako kwamba chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu, hata mzee akiapa.

Jina lenye madoido juu ya mtutu lisikubabaishe. Mara nyingi ni la duka lililouza, si la kiwanda. Chomoa mbao iliyo chini ya mtutu, tenganisha mtutu na kitako, kisha tazama upande wa chini karibu na chemba. Pangusa kwa kitambaa na mafuta ya cherehani. Msasa marufuku! Sugua chaki juu ya alama, futa, mulika tochi kwa ubavu.

Utaona mihuri ya majaribio. Kule Ulaya mtutu ulijaribiwa kwa baruti iliyozidi kipimo cha kawaida, ukifaulu ukapigwa muhuri. Na kanuni zilipobadilika, mihuri nayo ikabadilika. Mjerumani, kwa sheria ya 1891, alitumia tai na herufi U yenye taji, na bunduki nyingi za Suhl, mji wa Ujerumani wa mafundi bunduki, zina mwezi na mwaka kwa tarakimu. Liège ya Ubelgiji ni ELG ndani ya duara la yai. Likiwa na taji juu, ni ya 1893 au baadaye.

Mzee mmoja wa Sikonge alinipa yake: "Mwanangu, hii Mjerumani kaiacha." Chaki ilipokaa zikatokea BP, BV na NP, kila moja na taji lake. Hiyo ni Birmingham, Uingereza, kati ya 1904 na 1954; ingekuwa ya baadaye tungeona BNP na kipimo cha shinikizo kwa tani. Pembeni palikuwa na kialama kidogo chenye herufi, ambacho Birmingham walianza kukitumia 1921 kuonyesha mwaka. Kwa hiyo mtutu ulijaribiwa Mjerumani akiwa ameshaondoka zamani. Mzee alicheka, akasema basi baba yake alikuwa mwongo hodari.

Kuna namba nyingine ambayo mimi naijali kuliko mwaka: urefu wa chemba. Nyingi za zamani ni inchi 2½, yaani takriban milimita 65, na risasi nyingi za leo ni milimita 70. Risasi ndefu inaweza kuingia bila shida, kwa kuwa mdomo wake umekunjwa. Ukifyatua unafunguka, unakosa nafasi, na shinikizo linapanda. Na ukiona mtutu wenye michirizi kama mawimbi, ule wa vyuma vilivyosokotwa, usiutie risasi ya kisasa mpaka fundi mwenye leseni aupime.