Mgonjwa anavaa CPAP kwa saa 4 tu kila usiku: tumpigie simu?

Swali: Mimi ni muuguzi katika kliniki ya usingizi. Wagonjwa wetu wenye apnia ya usingizi, yaani pumzi kukatika mara kwa mara wakiwa wamelala, hutumia CPAP, mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe. Mashine hizo hututumia takwimu kila asubuhi. Mmoja wao ana wastani wa saa 4 kwa usiku. Je, ufuasi huo wa matibabu unatosha?

Jibu: Mpigie simu, na usingoje tarehe yake ya kliniki. Saa 4 kwa usiku, kwa angalau asilimia 70 ya usiku ndani ya siku 30 mfululizo, ni kigezo ambacho bima ya Medicare nchini Marekani hukitumia ili iendelee kugharamia mashine. Hicho ni kigezo cha malipo, wala si dozi inayomtosha mgonjwa. Kwa wagonjwa wengi koo huziba zaidi wakati wa usingizi wa ndoto, ambao huwa mwingi kuelekea alfajiri, kwa hiyo anayevua barakoa saa tisa usiku huenda anabaki bila kinga katika saa anazoihitaji zaidi.

Kabla ya kumpigia, fungua grafu ya usiku mmoja mmoja, kwa sababu wastani huficha mengi. Ukiona uvujaji wa hewa unapanda taratibu na mara mashine inazimwa, tatizo huenda ni barakoa isiyomkaa vizuri, au mdomo unaofunguka akilala. Ikiwa uvujaji uko chini lakini aliivaa kwa dakika 20 tu, uliza kuhusu pua iliyoziba, ukavu wa koo au hofu ya kufunikwa uso. Usimwanzie kwa lawama kwamba hatumii mashine; mwulize ni nini kinachomwamsha, kisha umsikilize hadi amalize. Simu za aina hii zina uzito mkubwa katika wiki ya kwanza, kwani mazoea ya siku za mwanzo ndiyo ambayo mara nyingi huendelea.

Mgonjwa aelezwe tangu siku anapokabidhiwa mashine ni nani anayeziona takwimu zake na kwa sababu gani, naye aridhie.

Mgonjwa wa kupelekwa kwa daktari ni yule ambaye saa zake ni nzuri na uvujaji ni mdogo, lakini bado pumzi inakatika au kupungua zaidi ya mara 5 kwa saa, au anasinzia mchana. Kusinzia hakuonekani kwenye takwimu, hivyo muulize kila mara, hasa kama anaendesha gari.