Weka chini hizo kalamu za rangi

Dogo, hiyo hela ya semina usiitume. Iache kwenye simu, nunua hata bando, lakini usiitume.

Umesema uko mwaka wa kwanza hapa Moshi, unasoma uhasibu, UE ya kwanza, mtihani wa mwisho wa muhula, inakuja, na unauliza mambo mengi: usome saa ngapi kwa siku, ukeshe au uamke alfajiri, peke yako au na kundi, hesabu uzifanyeje. Halafu mwishoni kabisa, kana kwamba ni kitu kidogo, ukaongeza kuwa kuna jamaa anauza "mbinu za ufaulu": semina ya Jumamosi, seti ya kalamu za rangi na madesa yaliyokwisha kufupishwa, na kwamba umeshaanza kunakili noti zako zote upya kwa rangi ili ziingie kichwani. Hapo ndipo niliposhindwa kunyamaza. Waliotangulia wamekujibu "Mungu akutangulie", nami naitikia amina, ila sijawahi kuona noti za rangi zikiombewa zikajibu pepa.

Semina hiyo mimi niliilipia. Siyo kwa huyo wako, labda ni ndugu yake, maana maneno ni yale yale. Alitugawia fomu ya maswali, ukimaliza kujaza anakwambia wewe ni mtu wa kuona, au wa kusikia, au wa kushika. Nikaambiwa mimi ni mtu wa kuona. Nikaamini kabisa, nani hapendi kuambiwa kwamba kichwa anacho, kinachomkosesha ni kalamu tu? Dawa ya mtu wa kuona ni rangi, na rangi, wacha wewe, alikuwa nazo kwenye begi.

Muhula mzima nikanakili. Waridi kwa maana, njano kwa vifungu vya sheria, kijani kwa mifano, bluu kwa kanuni za hesabu. Wenzangu wanatoka kwenda kula chipsi Majengo, mimi napiga mistari kwa rula. Daftari likawa zuri mpaka mama alipoliona akauliza kama ni la kuweka kabatini pamoja na sahani za wageni. Na kila nikilipitia usiku naona kila kitu nakijua. Hilo ndilo lililoniponza, dogo, lisome polepole: kila nikipitia, nilikuwa *naona* najua.

Pepa ya sheria ikaja. Swali: kijana wa miaka 16 kachukua pikipiki kwa mkopo, kasaini, kaacha kulipa, wewe mshauri muuzaji. Nilikumbuka kwamba jibu liko ukurasa wa kushoto, waridi juu, njano chini, pembeni doa la chai. Hata doa la chai nililikumbuka! Ndani ya hiyo njano kumeandikwa nini, kimya. Kumbe ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kifungu cha 10 kinataka hiari ya pande zote, watu wenye uwezo kisheria, malipo halali na lengo halali. Kifungu cha 11 kinakwambia nani ana uwezo huo, na wa miaka 16 hajafika umri wa utu uzima, ambao ni 18. Nilikuwa nimekinakili kwa mwandiko ambao karani wa mahakama angeuonea wivu, lakini sikuwahi hata siku moja kufunga daftari nikajiuliza kinasema nini.

Hesabu za gharama zikanimalizia kazi. Kanuni ya bluu ilikuwepo: chukua gharama za kudumu, gawanya kwa tofauti ya bei ya kuuza na gharama ya kutengeneza kitu kimoja. Gharama za kudumu 600,000, unauza 5,000, kukitengeneza 3,000, basi uza 300 na hutapata faida wala hasara. Huo mfano nimeusoma mpaka naweza kuuimba. Mtunzi wa pepa akageuza kidogo tu: mwenye kiwanda anataka faida ya 200,000, auze vingapi? Unajumlisha hiyo faida juu ya zile 600,000 kisha unagawanya kwa 2,000, zinatoka 400. Mstari mmoja. Mimi nilikaa natazama mlima dirishani, na siku hiyo ulikuwa umejifunika mawingu, hata wenyewe haukutaka kuniangalia.

Sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia. Sapu za Septemba. Mjomba yuko Marangu, alikuwa ameshanitafutia nafasi ya kupanda mlima na wagumu kubeba mizigo ya wageni msimu ule, nami hela ya kazi hiyo nilikwishaipigia hesabu ya kodi ya geto. Akapanda mwingine. Mimi nikabaki mjini na rangi zangu.

Kinachoniudhi siyo hela ya semina, ingawa nayo inauma. Kinachoniudhi ni kwamba majibu yalikuwa wazi siku zote na mtu anauza kinyume chake. Hayo mambo ya mtu wa kuona na mtu wa kusikia, mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake waliyapitia, wakakuta hakuna ushahidi wa maana kwamba mtu akifundishwa kwa "mtindo wake" anaelewa zaidi. Mwaka 2013 mwanasaikolojia mwingine, John Dunlosky, na wenzake wakapima mbinu kumi za kusoma: kupaka rangi na kurudia kusoma zikaangukia kundi la chini kabisa, kujipima kwa maswali na kusoma kwa kuachanisha siku zikawa juu. Yule bwana alikuwa anatuuzia za mkiani kwa bei ya za kwanza.

Na kuna jaribio la wanasaikolojia Roediger na Karpicke, 2006. Wanafunzi walisoma kifungu cha habari, kundi moja likakirudia kukisoma, jingine likaandika linachokumbuka bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja, walioandika bila kutazama walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Umeona mtego ulipo? Usiku ule ule unajiona bingwa. Ni sawa na kukutana na mtu soko la Mbuyuni: sura unaijua kabisa, salamu mnapeana, jina linagoma. Pepa haikuulizi kama unaitambua sura.

Kwa hiyo funga daftari. Soma mada, lifunge, chukua karatasi tupu na uandike yote uliyobaki nayo. Utatoa mistari mitatu na utajisikia mjinga. Endelea tu, usichungulie kabla hujakwama kabisa. Kisha fungua, ona ulichoacha, hicho ndicho cha kusoma, siyo kurasa zote. Kesho kutwa rudia mada ile ile kwa karatasi tupu, wiki ijayo tena. Hesabu vivyo hivyo: funika jibu la mfano, badilisha tarakimu mwenyewe, fanya mpaka itoke. Pasti pepa ziko steshenari yoyote ya jirani na chuo, bei ya kutoa kopi, hazina semina ndani. Hivyo ndivyo nilivyozivuka sapu zote mbili. Kwetu sapu hata ujibu vizuri vipi hupewi zaidi ya C, basi na mimi nina C mbili ninazozipenda kuliko A zangu.

Saa ngapi kwa siku? Sijui, zikutoshe kuandika hiyo karatasi. Kundi ni zuri mkiulizana maswali madaftari yamefungwa, mkianza kusomeana kwa sauti ondoka. Kulikuwa na swali jingine la kukesha, sikumbuki umeliulizaje, wengine watakujibu.

Umesema "nimeshaanza". Kama maana yake ni kwamba umeshatoa ya kutanguliza, mpigie huyo jamaa leo hii na uidai. Ya kwangu bado naidai, na kila nikipiga simu anasema yuko Arusha kwenye semina.