Hisani ya wanamichezo: ni ya kamera tu?

Kuna wanaosema wanamichezo wanatoa misaada kwa ajili ya kamera, na wakistaafu kila kitu kinakufa. Wapo wa hivyo, sikatai, tena si wachache. Lakini mtazame Dikembe Mutombo, Mkongo aliyecheza mpira wa kikapu NBA, ligi kuu ya Marekani. Mama yake, Biamba Marie, alifariki nyumbani Kinshasa wakati wa machafuko, familia ikashindwa kumfikisha hospitali. Mutombo akajenga hospitali yenye vitanda 300 jijini humo, akatoa mamilioni ya dola kutoka mfukoni mwake, na ikafunguliwa 2007 kwa jina la mama. Yeye alifariki Septemba 2024, lakini hospitali haikuzikwa naye.

Kujenga ndiyo kazi rahisi, ukitaka ukweli. Ukuta unapakwa rangi, utepe unakatwa, basi. Swali ni nani atalipa mishahara na dawa miaka kumi baadaye. LeBron James, nyota mwingine wa kikapu, alilikwepa tatizo hilo kwa akili: I Promise School ya Akron, Marekani, iliyofunguliwa 2018, ni shule ya umma. Bajeti ya msingi inatoka kwa mamlaka ya shule za umma za mji huo. Taasisi ya LeBron inaongeza vya ziada, kama ghala la chakula kwa familia na baiskeli na kofia ya kujikinga kwa kila mwanafunzi. (Wengi humsifu kana kwamba analipa kila kitu, si kweli.)

Kwa hiyo ukiona mchezaji anazindua mradi, usihangaike na kamera. Uliza bajeti ya mwaka ujao inatoka wapi.