Kilo 130 za jimu na njia ya kufika Paralimpiki: jibu kwa dada wa Malindi

Waaleikum salaam, dada. Umeuliza kuhusu kaka yako: alianguka mnazi, miguu ikapooza, ana uzito wa kilo 63, jimu hapo Malindi anasukuma kilo 130 akilala chali, na watu wanamwambia ajiandikishe aende Paralimpiki ya Los Angeles 2028 kwa mchezo wa kusukuma chuma ukiwa umelala chali, unaoitwa para powerlifting. Nitajibu kwa urefu, maana vijana wenye nguvu kama zake hupotea njiani kwa kutojua kipi kinatangulia kipi.

Kwanza, mtu hajiandikishi mwenyewe. Kila kitu hupitia Kamati ya Kitaifa ya Paralimpiki, Nairobi. Wao ndio humsajili mwanamichezo kwa World Para Powerlifting, chombo kinachosimamia mchezo huu duniani, kilicho chini ya Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki kule Bonn, Ujerumani, na wao ndio humwombea leseni ya kila mwaka. Bila leseni hiyo, hata akisukuma kilo 200 mbele ya umati, hazihesabiwi. Kwa hiyo aanze na mashindano ya humu nchini ambako kamati huchagua timu. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu aishughulikie sasa, na pasipoti pia. Vijana wengi huitwa kwenye timu wakati pasipoti bado iko kwenye foleni Mombasa.

Pili ni uainishaji, yaani kupimwa kama ulemavu wake unakubalika kwa mchezo huu, na hapa ndipo nataka msome polepole. Mchezo huu hauna madaraja ya ulemavu. Aliyekatwa mguu, aliyepooza na mwenye kimo kifupi hushindana pamoja, wakigawanywa kwa uzito wa mwili tu. Kinachotakiwa ni ulemavu wa viungo unaogusa miguu au nyonga na unaofikia kiwango cha chini kilichowekwa. Ulemavu wa macho au wa akili pekee hauingii. Kupooza kwa uti wa mgongo kunaingia vizuri. Lakini kuna sharti ambalo watu hawalijui: mikono lazima inyooke. Kiwiko kikipungukiwa na nyuzi zaidi ya 20 kufikia kunyooka kabisa, hakubaliwi, hata awe na nguvu za tembo. Na aliyeanguka mnazi mara nyingi huvunjika na mkono. Mpeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia apimwe viwiko vyote viwili kwa kifaa cha kupimia nyuzi. Ni kazi ya dakika 5, na majibu yake yanaamua kama haya mengine yana maana.

Uainishaji wa kimataifa hufanyika kwenye mashindano yenyewe, siku chache kabla ya kushindana, na jopo huhitaji karatasi zilizotumwa mapema na kamati. Barua ya “huyu ni mlemavu, asaidiwe” haitoshi. Daktari ajaze fomu ya utambuzi wa ugonjwa kwa Kiingereza, aandike pingili ipi ya uti iliumia, lini, na misuli ipi haifanyi kazi, kisha aambatishe picha za eksirei au MRI na muhuri. Mtu aliyeumia miaka mingi iliyopita mara nyingi faili lake hospitalini halipatikani. Kama ndivyo, apigwe picha upya sasa. Asingoje mwezi wa safari.

Tatu, hizo kilo 130. Naamini anazisukuma. Ila zinasukumwaje? Kwenye mashindano hupokea chuma mikono ikiwa imenyooka, anangoja mwamuzi aseme “stati” (anza), anashusha kwa utaratibu, chuma kinasimama kifuani kwa kuonekana, kisha anakisukuma mikono yote miwili ikipanda sawasawa hadi viwiko vifunge, anatulia mpaka asikie “raki” (rudisha chuma mahali pake). Hakuna amri ya kumwambia asukume. Anaamua mwenyewe, na hapo ndipo wengi huungua: wanagusa na kupanda papo hapo, au chuma kikishasimama wanakizamisha kifuani ili kipate msukumo. Waamuzi ni 3, taa 2 nyeupe ndiyo amepita. Mkono mmoja ukichelewa, taa nyekundu. Kichwa au makalio yakiinuka, taa nyekundu. Mtu aliyezoea kudundisha, akianza kusimamisha kifuani hupoteza kilo 10 hadi 15 mara moja. Basi hesabuni 115, mjenge kutoka hapo.

Na uzito wa sahani, zile zinazotiwa kwenye ncha za chuma. Jimu zetu nyingi zina sahani za zege au za kuchongesha, zimeandikwa 20 na ndani yake zina 18 au 21. Zipelekeni kwenye mizani ya wauza samaki, zipimwe moja moja, mziandike kwa rangi. Chuma cha mashindano ni kilo 20, na kola mbili, yaani vibano vya kuzuia sahani, za kilo 2.5 kila moja, kwa hiyo kitupu ni 25. Wengi husahau kuhesabu kola.

Benchi nalo ni suala. La jimu ni fupi, miguu huning’inia. La mashindano lina urefu wa sentimita 210 na upana wa 61, likipungua upande wa kichwa hadi kama 30 ili mabega yapate nafasi, na mchezaji hulala mzima juu yake, miguu ikiwa imenyooshwa. Kama la jimu lina sentimita 120, fundi wa mbao anaweza kutengeneza sanduku la urefu wa 90 na upana wa 61, kimo kilekile, likafungwa kwa boliti lisicheze. Juu lipate sponji ngumu. Miguu hufungwa mkanda. Msitumie kamba wala mkanda mwembamba wa kufungia mizigo: ngozi iliyokufa ganzi haimwambii kwamba inaumia, na kidonda cha mgandamizo kitamtoa mazoezini miezi. Mkanda uwe mpana, kiasi cha sentimita 8 hivi, na kila baada ya mazoezi mtu amkague mapajani na makalioni.

Sasa kufuzu kwenyewe. Kila Paralimpiki ina kanuni zake za kufuzu zinazochapishwa mapema, na kamati inazo. Kwa jumla mambo huenda hivi: awe na leseni na uainishaji, afikishe kiwango cha chini cha kilo kwa uzito wake kwenye mashindano yanayotambuliwa, ashiriki mashindano ya lazima ndani ya muda uliowekwa, kisha awe juu kwenye orodha ya dunia ya uzito huo. Nafasi nyingi hutoka kwenye orodha hiyo, kwa walio juu tu, na nchi hupata mtu mmoja kwa kila uzito. Chache hutolewa kwa mwaliko. Hilo la mashindano ya lazima ndilo linaloua ndoto. Kwa Paris 2024, ubingwa wa dunia wa Dubai 2023 ulikuwa miongoni mwa ya lazima. Tikiti ikikosekana mara moja, miaka minne inaweza kuondoka. Kwa hiyo mnapotafuta wafadhili, msiombe “msaada wa michezo”. Ombeni nauli ya mashindano fulani, kwa jina na tarehe.

Kwa uzito wake ataingia kundi la kilo 65. Msijaribu kumshusha hadi 59. Mtu aliyepooza akijikausha maji anaweza kujipatia maambukizi ya mkojo. Na mjue alipo kwenye kundi hilo: Paul Kehinde wa Nigeria alichukua dhahabu ya kilo 65 Rio 2016 kwa kilo 218. Sisemi hivi kumvunja moyo. Hatua ya karibu zaidi inaweza kuwa mashindano ya Afrika au ya Jumuiya ya Madola. Kwenye haya ya Madola makundi ni mawili tu, wepesi na wazito, na kilo hulinganishwa na uzito wa mwili kwa fomula. Hellen Wawira wa hapa Kenya alipata shaba hivyo Birmingham 2022.

Siku yenyewe ana majaribio 3. La kwanza liwe uzito anaoweza kuusukuma mara 3 mfululizo akisimamisha kifuani. Akikosa yote matatu hana matokeo, hana nafasi kwenye orodha, na nauli imekwenda bure. Uzito uliotajwa haushuki, na baada ya kila jaribio ana dakika 1 kutaja unaofuata, kwa hiyo kocha awe na karatasi tayari.

Mwisho, dawa. Aliyeumia uti mara nyingi hupewa tramadol kwa maumivu: tangu 2024 imepigwa marufuku wakati wa mashindano. Dawa za presha zenye kuongeza mkojo zimekatazwa wakati wote. Miraa na muguka zina kathini, ambayo ikizidi kiwango kwenye mkojo ni kosa, hivyo baraza za jioni za kutafuna aziache kabisa. Dawa anazohitaji kweli aziombee kibali kabla, kupitia kamati na wakala wa kupambana na dawa hizo nchini. Na kama jeraha lake la uti liko juu, usawa wa kifua, asikubali mtu amwambie aache kibofu kijae au ajibane mwili ili presha ipande apate nguvu. Ni marufuku, na kiharusi kinaweza kumkuta palepale benchini.

Wiki hii fanyeni mawili: apimwe viwiko, na mrekodi video mbili akisukuma kilo 100 kwa kusimamisha kifuani, moja ya ubavuni na moja ya kutoka miguuni. Ziwekeni hapa, tuone chuma kinapanda sawa au mkono mmoja unachelewa.